Macho Aliyomchorea Idrissa

Kivuli kilikuwa upande usio wake. Radhia alikiona Ijumaa asubuhi, alipoingia chumbani kwa mama yake kuchukua shuka za kufua, na kwanza alidhani usingizi haujamtoka machoni. Picha ilikuwa palepale juu ya kitanda, ndani ya fremu yake ya mbao: mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, uso umetulia. Ila kivuli cha pua, na kile cha kidevu kilichoangukia shingoni, vilikuwa kushoto. Yeye alivichora kulia.

Mtu mwingine asingeona. Lakini Radhia kila anapoanza kuchora hujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: mwanga unatoka wapi? Dirisha la chumba kile liko kushoto kwa picha, kwa hiyo aliuchora mwanga utoke kushoto na vivuli vilalie kulia, ili ukiingia uone kana kwamba mtu mwenyewe amekaa pale na jua la dirishani linampiga. Aliishusha picha, akaitazama kwa karibu. Labda iligeuzwa wakati wa kuprinti. Lakini vifungo vya kanzu vilikuwa vilevile, na doa dogo la shavuni lilikuwa palepale alipoliweka. Hakuna kilichogeuka isipokuwa vivuli. Akairudisha ukutani, akabeba shuka zake, akaenda kufua, maana shuka hazijifui.

Mwanamume wa kwenye picha aliitwa Idrissa, na hakuwahi kuwa mwanamume. Alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, kule Iguguno, wakati baba yao akinunua alizeti za wakulima, miaka miwili kabla Radhia hajazaliwa. Picha hakuwa nayo hata moja. Mpiga picha alipita Iguguno mara mbili katika uhai wa mtoto yule, na mara zote mbili mtoto alikuwa amelala, na mama akasema asiamshwe, atapigwa siku nyingine.

Bi Saada, mama yao, aliitwa Mama Idrissa tangu alipomzaa, na Mama Idrissa amebaki. Radhia ana miaka thelathini na sita. Ndiye aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika, ndiye anayempikia mama huyu, anayemsugua miguu, anayekaa naye kwenye benchi la hospitali kuanzia alfajiri, na hajasikia hata siku moja mtu akimwita Mama Radhia. Mtoto aliyekufa mdogo ana raha zake. Harudi amechelewa, hajibu kwa hasira, hazidishi chumvi. Radhia alishindana naye maisha yake yote, na alishindwa kila siku, kwa sababu yule mwenzake hakuwa akifanya chochote.

Kila kuku alipochinjwa, firigisi ilitengwa. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na nyumba ile haikuwa na mwanamume tangu baba alipofariki, lakini Bi Saada aliiweka kwenye kisahani, akaisubirisha mpaka ipoe, kisha akampa paka. Hakuwahi kumpa Radhia. Na alipokuwa na furaha, akimtazama binti yake usoni, alichosema ni kilekile: "Hayo macho ni ya Idrissa. Wewe umeyachukua tu."

Radhia ana ofisi nyuma ya soko la Singida, chumba kimoja chenye kompyuta, printa na meza ya kukatia karatasi. Anatengeneza kadi za harusi, mabango, fulana za vikoba, na picha za kuchora za watu waliofariki, ambazo ndizo zilizomjengea jina. Programu anayotumia ni ya bure. Aliipakua mwenyewe, akajifunza kwa video za kwenye simu, hatua kwa hatua, akirudia mara kumi kumi, mpaka akajua kulainisha ngozi kwa brashi, kuandika kwa herufi za dhahabu, za moto, za maji. Karibuni alijifunza herufi za moshi, ambazo kila mkono wa herufi hupanda juu na kutawanyika kama ubani uliotoka kuwashwa, na alijivunia sana.

Kwa wasioijua kazi hii: picha ya kompyuta haichorwi kwenye karatasi moja. Huchorwa kwa matabaka, wenyewe wanaita leya, moja juu ya jingine. Macho yana leya yake, mdomo leya yake, kofia leya yake. Pembeni mwa kila leya kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibonyeza, jicho linafumba na leya ile haionekani tena. Ukiibonyeza mara ya pili, linafumbua.

Bi Saada ndiye aliyeomba. Alikaa ofisini kwa binti yake siku moja akisubiri mvua ikatike, akamwona akimchorea mteja marehemu baba yake. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba anataka Idrissa. Si mtoto. Anataka Idrissa jinsi angekuwa leo.

Radhia angekataa. Baba yao alikuwa na msimamo wake kuhusu sura. Alisema kila anayechora kiumbe ataambiwa siku ya mwisho akipulizie roho, na hataweza. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mama yake kumwomba kitu ambacho yeye pekee angeweza kukifanya. Basi akachukua paji na kidevu kwenye kitambulisho cha zamani cha baba. Akachukua mdomo kwenye picha ya mama. Macho akayachukua kwenye picha yake mwenyewe, akayakata kwa uangalifu, akayaweka kwenye leya yao, akayanenepesha kidogo kope. Alichora mpaka kifuani tu, kama kawaida, na chini akaandika jina kwa herufi za moshi, moshi ukipanda na kulamba upindo wa kanzu. Siku tisa alifanya kazi ile. Mama alipoiona alilia, akaibusu picha. Radhia alisimama pembeni akisubiri, na mama akaenda kuitundika.

Alhamisi iliyofuata, jua likielekea kuzama, Bi Saada akawasha ubani. Hilo halikuwa jambo geni. Nyumba nyingi za mtaa ule hufukiza usiku wa kuamkia Ijumaa na kuwaombea waliotangulia. Ila safari hii hakukiweka chetezo ukumbini. Alikiweka chini ya picha, akakaa mkekani, akaita jina la mwanawe, akaliita tena, mpaka Radhia aliyekuwa jikoni akatamani kuziba masikio. Kesho yake asubuhi ndipo vivuli vilipokuwa vimegeuka.

Wiki ya pili ikaja harufu. Haikuwa ya ubani. Ilikuwa harufu ya mashudu ya alizeti yaliyoungua, ile inayotoka kwenye mashine ya kukamua mafuta ikipata moto kupita kiasi, na mashine ya karibu ilikuwa upande wa pili wa mji. Ilitoka chumbani kwa mama Alhamisi jioni na haikuondoka. Bi Saada, aliyezoea kula vizuri, akaanza kusema hana njaa, mpelekee sahani chumbani atakula baadaye. Sahani zilirudi zimekwisha. Yeye alizidi kukonda.

Kisha jirani yao Mama Elina, mama wa Kinyaturu anayeuza vitunguu barazani, akamwita Radhia siku moja saa saba mchana na kumwambia kwa kumtania kwamba siku hizi wana mgeni mwanamume na hawasemi.

"Mgeni gani?" Radhia akauliza.

"Si kaka yako? Nimemwona dirishani. Mmefanana macho. Ila mwambie salamu aitikie, nimemsalimu mara mbili ananitazama tu." Akashusha sauti. "Na jambo jingine, mama. Nikapita nyuma kumwaga maji, nikamwona kwenye dirisha la uani. Ananitazama vilevile. Sijui kahama vipi haraka namna ile."

Radhia alimwambia kwamba hana kaka. Mama Elina akamwangalia, akaacha kutabasamu, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Alhamisi ile Radhia alifunga ofisi mapema. Upepo wa Singida ulikuwa unapiga kama kawaida yake, ukibeba vumbi jekundu na mifuko ya rambo, na alipofungua mlango wa nyumba ukaacha kusikika ghafla, kana kwamba ndani hakukuwa na upande wowote wa kuingilia. Alivua viatu. Alisikia sauti ya mama yake, sauti ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitumika juu yake yeye, ikisema kula baba, kula, hii ni yako, na akaenda kwa ncha za vidole mpaka kwenye pazia la chumba, harufu ya mashudu ikimkaba kooni, akalisogeza pazia kwa kidole kimoja, na akamwona mama yake amekaa mkekani na kisahani cha firigisi mkononi, na mbele ya mama yake, akiwa amekaa naye uso kwa uso, yule mtu wa kanzu nyeupe.

Mama alikuwa anamtazama usoni. Hilo Radhia alikuwa na uhakika nalo, maana aliona mkono wa mama ukipeleka tonge kinywani mwa mgeni wake na tonge likipotea. Lakini yule mtu, ambaye kwa namna alivyokaa alipaswa kumpa Radhia mgongo, hakumpa mgongo, kwa sababu hakuwa na mgongo wala kisogo, hakuchorewa, na upande ule ambao kisogo kingekuwa ulikuwa uso uleule, kofia ileile, paji la baba, mdomo wa mama, na macho, macho yake Radhia mwenyewe anayoyaona kila asubuhi kwenye kioo akipiga mswaki, yakimtazama bila kupepesa, na chini ya kifua kanzu haikufika sakafuni bali iliishia kwenye moshi uliokuwa ukipanda polepole na kutawanyika namna ileile aliyoitengeneza kwa brashi na kujivunia, na jua la jioni lililoingia kwa dirisha lilimpiga yule mtu ubavuni, na kivuli chake, badala ya kulalia ndani ya chumba kama kivuli cha mama na cha kisahani, kilinyooka mkekani kuelekea dirishani, kwenye jua lenyewe.

Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mama."

Mdomo wa yule mtu ukafunguka pamoja na wake, ukasema bila sauti neno lilelile. Kisha mkekani pakabaki mtu mmoja.

Walizozana usiku huo kama hawajawahi kuzozana, kwa kunong'ona, wote wawili wakiogopa kusikiwa. Radhia alisema kile si Idrissa. Kile ni kitu. Kinakula chakula cha mama na mama anakwisha. Bi Saada alikuwa ameibana picha kifuani kwa mikono miwili na mifupa ya mikono ile ilionekana yote.

"Najua si yeye," akasema mwishowe. "Unadhani mimi mjinga? Mwanangu nimemwosha mwenyewe, nimemvika sanda. Najua."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nikiita, anaitika."

Radhia akamwambia kwamba na yeye huitika. Miaka yote akiitwa ameitika abee, hata akiwa na homa. Mama yake alitazama ukutani pale picha ilipokuwa, na Radhia akajua kwamba hata jibu halikutafutwa.

Kesho yake alifungua kompyuta ofisini. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya aone jambo lile ni rahisi: alichokichora atakifuta. Aliifungua picha ya Idrissa na leya zote zikajipanga pembeni, kila moja na jicho lake. Akaanza na ile ya macho. Hakuifuta kwanza, aliibonyeza tu ile alama, ikafumba, na uso kwenye kioo cha kompyuta ukabaki na ngozi tupu pale macho yalipokuwa.

Simu ikaita hapohapo. Ni mama yake, na alikuwa analia kilio cha msibani.

"Haoni. Radhia, kaka yako haoni. Anajigonga kwenye kuta, ananitafuta hanioni. Umemfanya nini? Mwanangu, nakuomba. Nakuomba mama yangu."

Bi Saada hakuwahi kumwita Radhia mwanangu kwa sauti ile. Radhia alikaa na simu sikioni, akasikia nyuma ya kilio kitu kinagonga ukuta, kinagonga kabati, kinagonga ukuta. Angeweza kumaliza pale. Baadaye alijilaumu sana kwa dakika ile, na alistahili. Kidole chake kikabonyeza tena, jicho likafumbua, na kwenye simu kugonga kukakoma, na mama yake akakata bila kuaga.

Maalim Shamte alikuwa mzee wa Mtinko, mwalimu wa madrasa, mtu mkavu asiyependa maneno, aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa bila kudai kuku mweusi wala kitambaa chekundu. Radhia alimfuata Jumatatu. Akampa shikamoo, akaketi, akaeleza yote, na alipoeleza alijisikia aibu kama mtoto. Maalim alimsikiliza akichokonoa moto wa kahawa.

"Wako wengi hewani hawana kwao," akasema. "Hawana jina, hawana sura. Nyinyi mmempa sura isiyo na mwenyewe. Mmempa jina. Kisha kila Alhamisi mkamfukizia na kumwita. Mimi nisingekuja?"

Akamuuliza kila kiungo cha uso ule kilitoka wapi. Paji na kidevu vya marehemu baba. Hivyo haviwi taabu, akasema. Mdomo wa mama. Huo utarudi ukikemewa. Alipofika kwenye macho na kusikia ni ya Radhia mwenyewe, aliweka kijiti chini.

"Nilinakili tu, maalim. Yangu yapo."

"Kwenye mashine yako umenakili. Yeye anajua amepewa." Akakiokota tena kijiti. "Mama yako ndiye aliyemwita, mama yako ndiye atakayeyadai. Atasema mara tatu, kwa hiari yake, kwamba macho yale ni ya Radhia. Basi. Mara tatu, tukiwa tunasoma. Asiposema, umbo litaondoka, lakini macho yatabaki hayana mwenyewe, na yule wa hewani atabaki nayo."

Jambo dogo kabisa. Radhia alirudi mjini akiwa na moyo mzito kuliko alivyokwenda, kwa sababu alimjua mama yake.

Maalim alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Picha waliishusha, wakailaza kwenye beseni la maji yaliyosomewa. Radhia aliweka kompyuta ndogo ya mkononi juu ya stuli, na faili ndani yake. Nakala ya ofisini na ya kwenye flashi alikwishazifuta asubuhi. Bi Saada walimketisha mkekani. Alikuwa mwepesi kama kifurushi cha nguo. Hakubisha, hakulia. Maalim akaanza kusoma, na upepo wa nje ukakoma kusikika, na harufu ya mashudu ikaja, na Radhia bila kuinua kichwa akajua kwamba kona ile ya kabati haikuwa tupu.

"Futa," maalim akasema, hakuondoa macho kitabuni.

Akafuta jina. Herufi za moshi zikatoweka, na konani kitu kikashuka kwa uzito kana kwamba kimeondolewa kiti. Akafuta kanzu. Akafuta kofia. Akafuta kidevu na paji, na pumzi ikasikika, pumzi ndefu ya mtu aliyeingia kwenye maji ya baridi, na Bi Saada akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Akafuta mdomo, na pumzi ile ikakatika katikati. Yakabaki macho, kwenye kioo yakielea peke yake juu ya weupe, na konani, Radhia aliona kwa pembeni na hakutaka kuona zaidi, yalikuwa yanaelea vilevile, kimo cha mtu mzima, yakienda kutoka kwake kwenda kwa mama na kurudi kwake.

"Mama Idrissa," maalim akasema kwa upole. "Sema sasa."

Bi Saada akaondoa kanga mdomoni, akasema, "Macho haya ni ya Radhia." Alisema kama mtu anayetema kokwa.

"Tena."

"Macho haya ni ya Radhia."

Radhia alimtazama mama yake. Alikuwa na miaka thelathini na sita na moyo ulimdunda kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya sikukuu. Haikuwa juu ya jini tena, Mungu amsamehe. Alitaka tu kulisikia mara ya tatu.

Bi Saada alifungua kinywa. Akatazama kona ya kabati, akatazama binti yake, akatazama kona tena. Machozi yakamtoka. Akafumba midomo, akaikaza kabisa. Maalim alisubiri, akasoma tena, akasubiri. Alimwomba mara ya pili, na ya tatu, kwa heshima. Jua lilikuwa linashuka dirishani.

"Futa," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Hatuwezi kukiacha hivi."

Radhia akabonyeza. Umeme haukukatika, kioo hakikupasuka. Upepo ulirudi nje na kugonga bati, na harufu ile ikapungua, ikapungua, ikaisha. Kwenye beseni karatasi ilikuwa nyeupe yote. Maalim akaikamua maji, akaichoma uani kwa mafuta ya taa, akayafukia majivu, akakataa chai. Mlangoni alimshika Radhia mkono, jambo ambalo mtu kama yeye halifanyi, akamwambia awe anaoga maji aliyomwachia, asiache swala, na asikae peke yake jua likizama. Radhia aliuliza kama limekwisha. Maalim akasema Mungu ndiye mjuzi, akapanda pikipiki iliyomleta.

Kwa siku kumi na tatu Bi Saada hakusema na binti yake. Alikula kidogo, akalala ameelekea ukutani, akageuza shingo kila Radhia alipoingia. Alisema na Mama Elina dirishani, na Mama Elina kwa huruma akaja kumweleza Radhia maneno aliyosikia: mwanangu amekufa mara ya kwanza kwa surua, mara ya pili kwa mkono wa dada yake. Radhia alisikia, akashukuru kuambiwa, akaendelea kupepeta mchele. Alifanya kazi. Alichora kadi mbili za harusi na bango la mkutano wa injili. Alioga yale maji mpaka yakaisha. Ofisini alianza kujikuta anasogeza taa ya meza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu popote alipoiweka kivuli cha mkono wake kilimzibia kazi, na hakulifikiria zaidi ya hapo.

Siku ya kumi na nne alichinja kuku, ili mama apate mchuzi. Ilikuwa Alhamisi, na hakukumbuka kama ni Alhamisi mpaka alipoingia chumbani na sinia na kuona jua limeshafika dirishani, jekundu, limejaa mkekani. Aliweka sinia chini. Firigisi ilikuwa kwenye kisahani chake pembeni, mkono umezoea. Paka hakuwepo. Paka alikuwa hajaonekana siku nyingi.

Bi Saada aligeuka kutoka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama binti yake usoni, akaendelea kumtazama, akainuka polepole mpaka akakaa. Uso wake, uliokuwa umekauka, ukafunguka. Alinyoosha mikono yote miwili, akamshika Radhia mashavu kwa viganja vyenye joto, akapitisha vidole gumba chini ya macho, kwa uangalifu mkubwa, na Radhia hakuthubutu kupumua, kwani hakuwahi kushikwa hivyo na mtu yeyote.

"Umekonda," mama akasema. "Hawakulishi?"

Akachukua firigisi kwenye kisahani. Akaipuliza ipoe, akaimega katikati, akampelekea nusu mdomoni kwa vidole vyake. Radhia aliila. Ilikuwa tamu kuliko alivyoidhania miaka yote ile, na machozi yalimshuka huku akitafuna. Harufu ya mashudu ilikuwa chumbani, hafifu, na ilimchukua muda kutambua kwamba inatoka kwenye pumzi yake mwenyewe.

"Idrissa," mama akaita, kwa ile sauti.

Angeweza kusema mimi ni Radhia. Neno lilikuwepo. Alilipima, akamwona mama yake akisubiri na nusu ya pili ya firigisi mkononi, mwenye furaha, mwenye njaa ya kuitikiwa, na akajua kwamba akilisema viganja vile vitaondoka mashavuni mwake na havitarudi.

"Naam, mama," akaitika.

Bi Saada akacheka kwa raha, akamlisha iliyobaki. Jua lilikuwa linawapiga wote wawili ubavuni. Kivuli cha mama kililala ndani ya chumba, mpaka kwenye kabati. Cha Radhia kilinyooka mkekani upande wa pili, kikapita kando ya chetezo, kikaenda dirishani.